John Donne na shairi lililonyimwa leseni

Kwa miaka mingi nilimfundisha Mwingereza John Donne kama mshairi wa mauti. Ndivyo wengi tunavyokabidhiwa: mkuu wa kanisa la Mtakatifu Paulo jijini London tangu 1621, aliyeikemea mauti isijivune, aliyeandika kwamba hakuna mtu aliye kisiwa. Siku moja nikaifungua diwani yake nzima nikakutana na shairi "To His Mistress Going to Bed", yaani "Kwa Mpenzi Wake Anayekwenda Kulala". Nililisoma nimesimama, mara tatu.

Mwanamume anamngoja mpenzi wake kitandani, anamhimiza avue vazi baada ya vazi. Mshipi kwanza. Halafu kuna kile kijiti kigumu ambacho wanawake wa enzi hizo walikichomeka mbele ya bodisi ili kiwiliwili kinyooke. Nafsineni, yule anayesema ndani ya shairi, anakionea wivu: kinaweza kutulia, na kusimama, karibu namna ile! "Kusimama" kwa Kiswahili kunabeba fumbo lilelile la Kiingereza, mfasiri haongezi kitu.

Kisha anaomba mikono yake ipewe leseni izurure: "Before, behind, between, above, below." Maneno matano, mizani kumi. Mbele, nyuma, kati, juu, chini: matano, mizani kumi. Katika kazi yangu ya kufasiri ni nadra sana kupata zawadi ya namna hii.

Na hiyo leseni ina kisa chake. Mashairi ya Donne yalipita mkono kwa mkono katika nakala za wino. Alifariki 1631, na diwani yake ilipochapwa 1633, mkaguzi wa vibali alikuwa ameyakataa mashairi matano ya mapenzi, hili likiwamo. Shairi linaloomba leseni likanyimwa leseni. Diwani yake ililipokea katika toleo la 1669.

Wapo wanaomgawa Donne mara mbili, kijana wa anasa na mzee wa madhabahuni. Mimi sikubali. Soma "Batter my heart", soneti (shairi la mishororo kumi na minne) anayomwelekezea Mungu: nibomoe, nifunge, na sitakuwa safi kamwe usiponitwaa kwa nguvu. Ni amri zilezile za chumbani, pumzi ileile. Aliyebadilika ni anayeambiwa.

Kuna mahali shairi hili linanichoma. Mwanamke anaitwa Amerika, nchi mpya iliyogunduliwa, ufalme, mgodi wa vito. Mwili wake unatwaliwa kama koloni, naye hasemi neno lolote. Nimewahi kulifunga kitabuni kwa sababu hiyo. Kilichonirudisha ni mishororo miwili ya mwisho. Baada ya amri zote hizo, nafsineni anafichua kwamba ametangulia yeye kuvua, ili amfundishe mpenzi wake. Aliye uchi mbele yetu ni yeye. Mwanamke, hatujui hata kama amevua viatu.