Iodini ikiingia kwenye utando uliovimba

Chukua kikokotoo cha zamani, kile kinachotumia mwanga wa jua, ubandue ile karatasi ya kijivu iliyo juu ya kioo. Namba zitatoweka. Hazijafutika, umeondoa tu utando wa plastiki uliotiwa iodini, na utando huo ndio ninaohangaika nao maabara siku nenda rudi.

Plastiki yenyewe ni polivinili alkoholi. Hutengenezwa kutokana na polivinili asetati, ile iliyomo kwenye gundi nyeupe ya maseremala. Molekuli zake ni minyororo mirefu iliyojaa haidroksili, yaani jozi za oksijeni na haidrojeni, nazo hupenda maji. Tumbukiza kipande kikavu kwenye maji baridi: kitajikunja, kitanenepa, halafu kitalegea kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Lakini hakiyeyuki. Sehemu ya minyororo imejipanga ikawa fuwele ndogondogo, zinazoshikilia kila kitu kama mafundo ya wavu. Maji huingia kwenye matundu ya wavu na kuyaacha mafundo jinsi yalivyo.

Uvimbe huo ndio mlango wa iodini. Peke yake iodini haitaki kuyeyuka kwenye maji, kwa hiyo tunaongeza potasiamu iodidi, zikaungana kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zenye atomu tatu za iodini, na ndani ya utando hata tano. Ya atomu tatu hufyonza mwanga karibu na nanomita 360, ndiyo maana utando huanza kwa rangi ya chai ya rangi. Ioni ndefu zikijipanga mstari kando ya minyororo, ufyonzaji husogea hadi karibu nanomita 600, na buluu hutokea. Kama uliwahi kudondoshea iodini kipande cha muhogo shuleni, unaijua buluu hiyo. Kwenye wanga iodini hukaa ndani ya mnyororo uliojizungusha. Hapa hukaa ubavuni mwa mnyororo ulionyooka.

Wengi hudhani iodini ni rangi tu, kama ya kuchovya kanga. Miale ya eksirei inasema vingine. Utando ukiwa na maji tu, naona kwenye grafu kilele cha fuwele, kinachoonyesha umbali wa nanomita 0.45 hivi kati ya safu za minyororo. Nikitumia iodini hafifu, kilele kinabaki, maana yake ioni zimekaa kwenye matundu. Nikiikoleza, kilele kinafifia na alama mpya zinachomoza: ioni zimepenya hadi ndani ya mafundo, zimeachanisha vifungo vya haidrojeni kati ya minyororo, na fuwele mpya imezaliwa, ya plastiki na iodini kwa pamoja.

(Hii si ile iodini iliyofanya plastiki nyingine, poliasetilini, ipitishe umeme mwaka 1977, kazi iliyopata Nobeli mwaka 2000. Kule iodini hunyang'anya mnyororo elektroni. Mnyororo wangu hauna elektroni za kunyang'anywa kirahisi hivyo.)

Kisha tunauvuta utando mara tano au sita ya urefu wake. Minyororo hunyooka upande mmoja, ioni nazo hufuata. Mwanga unaotikisika kuelekea upande huo humezwa, unaotikisika kukingama hupita. Edwin Land aliupata utando wa namna hii Marekani mwaka 1938. Kile kipande cha kikokotoo ukikirudisha baada ya kukizungusha robo duara, namba zitaonekana tena, safari hii nyeupe kwenye giza.

Nilipokuwa mwanafunzi niliruka hatua ya asidi ya boriki kwa haraka zangu, nikapasha maji moto ili utando uvutike vizuri. Buluu ikapotea mbele ya macho yangu, na nilipouinua kwa koleo ukachuruzika kama mlenda. Moto ulikuwa umefungua mafundo, na ioni ndefu zikasambaratika. Asidi ya boriki hushika haidroksili za minyororo jirani na kuzifunga pamoja, hivyo utando unastahimili joto na iodini inabaki kwenye mstari. Siku hizi huipima kwanza, kabla hata sijafungua chupa ya iodini.