"Bei njoo inboksi" na imani nyingine zinazofukuza wasafiri

Wiki hii nimeisikia mara tatu, kwa watu watatu tofauti wanaouza shughuli za watalii, kwa hiyo acha niandike nipumue.

"Nikiweka bei wazi washindani wataiga na wateja watakimbia, bora waniulize kwanza." Hapana jamani. Mshindani bei yako anaijua zamani, alishamtuma shemeji yake aulizie. Asiyeijua ni mteja peke yake.

Hebu fikiria anayetafuta ni nani. Shughuli ndogondogo kama kayaki, matembezi ya mji au darasa la mapishi watu wengi hawazipangi mapema kama tiketi ya ndege, mtu keshafika, yuko kitandani hotelini, simu inakaribia kuzima, kesho ana nusu siku haina kazi, kafungua kurasa tano na nne kati ya hizo zina bei, saa ya kuanza, kilichojumuishwa na kitufe cha kulipia. Ya tano ni yako: "Kwa bei, tutafute." Analala kashabuku kwa mwingine.

Juzi jamaa mmoja kanionyesha simu yake analalamika kwamba watalii wa siku hizi ni kuuliza tu, hawanunui. Nikasoma. Mama kauliza saa tatu usiku, kayaki kwa watu wazima wawili na mtoto wa miaka saba ni bei gani. Jibu limetoka saa nne asubuhi: "Habari, karibu sana, mko wangapi?" Kashasema! Akarudia kwa upole, akajibiwa mchana, "inategemea." Hapo ndipo yule mama alipopotea, na mimi ningepotea.

Kama bei inategemea idadi ya watu, weka jedwali: mmoja, wawili, watatu hadi sita. Inategemea msimu? Andika misimu yako na bei zake, basi. Na kisichojumuishwa kiandike pia, hasa kiingilio na usafiri, maana mgeni bei kubwa anaweza kuivumilia ila anaogopa sana kufika pale akaanza kuongezewa. Halafu taja sarafu kwa jina, alama ya dola peke yake Mmarekani, Mkanada na Mwaustralia kila mmoja anaisoma kwa dola ya kwao, na ugomvi unakuja siku ya kulipa.

Mengine haraka haraka.

"Majukwaa ya kubuku ni wezi." Viator, ambayo TripAdvisor, wale wa tovuti ya maoni ya wasafiri, waliinunua 2014, au GetYourGuide, kamisheni mara nyingi inacheza kwenye asilimia 20 hadi 30, inauma kweli. Ila wanakata mtu akishabuku, wakati tangazo la kulipia linakula hela yako hata asiponunua mtu. Kosa ni kupanga bei bila kuihesabu kamisheni halafu unalia. Mimi huwa nashauri uweke humo safari moja au mbili zinazouzika, sio duka zima.

"Nina wafuasi elfu kumi na mbili." Hongera, ila angalia ni akina nani, nusu ni majirani na waongoza watalii wenzako. Anayetafuta cha kufanya kesho anafungua ramani. Wasifu wa biashara kwenye Google ni bure, na wenyewe wanasema matokeo ya eneo wanayapanga kwa vitu vitatu, kuendana na kilichotafutwa, umbali na umaarufu. Umbali huuwezi, kwa hiyo hangaika na kategoria, saa za kazi na picha. Nimewahi kukuta watu wa kupiga mbizi wamejisajili kama "ofisi". Ofisi!

"Nimepigwa nyota moja, nitawapa wateja punguzo waandike nyota tano." Usithubutu, Google na TripAdvisor wote wanakataza kununua maoni kwa punguzo au zawadi. Mjibu huyo wa nyota moja kwa sentensi tatu bila ugomvi, unayemwandikia kwa kweli ni mgeni wa mwezi ujao anayesoma kimyakimya. Na maoni yaombe jioni ileile akiwa bado ana mchanga miguuni, ukisubiri wiki keshazama kwenye kazi zake.

Yule wa kayaki nimempigia leo, kasema tayari kashaweka bei. Nimefungua ukurasa. Imeandikwa, "Bei zetu ni nafuu sana, karibuni."