Je, wajua kwa nini desa (notsi za kozi) ulilolisoma mara kumi linakukimbia kwenye chumba cha mtihani?

Mwaka 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa kwa kutumia maneno 40 ya Kiswahili. Mashua lilikuwa mojawapo. Wanafunzi wa chuo kikuu wasiokijua Kiswahili kabisa walionyeshwa neno moja moja pamoja na maana yake kwa Kiingereza, sekunde chache kwa kila neno, mpaka yote 40 yakaisha. Kisha wakaulizwa: mashua ni nini? Mtoto yeyote wa Bagamoyo angejibu huku anacheza. Wao ilibidi wapapase.

Watafiti wenyewe, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, hawakuwa na haja na Kiswahili chenyewe. Walichohitaji ni maneno yanayosomeka kwa herufi za Kilatini, yanayotamkika bila taabu, lakini yasiyo na maana yoyote kwa Mmarekani wa kawaida. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kitabu chake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885, aliitatua shida hiyohiyo kwa kujitungia silabi zisizo na maana na kuzikariri yeye mwenyewe kwa maelfu. Wanasaikolojia wa siku hizi wamepata njia ya mkato. Mwaka 1994 Thomas Nelson na John Dunlosky waliandaa orodha ya maneno 100 ya Kiswahili na kupima ugumu wa kila neno kwa wanafunzi wa Marekani, na tangu hapo lugha yetu imekuwa mali ya maabara za kumbukumbu. Sisi huku tunaendelea kukesha na madesa bila habari.

Turudi kwenye maneno 40. Wanafunzi waligawanywa makundi manne, na kila kundi lilipitia mizunguko ya kusoma na kuulizwa, kusoma na kuulizwa. Tofauti ilianza pale mtu alipolipata neno kwa mara ya kwanza. Kundi la kwanza liliendelea kulisoma neno hilo na kuulizwa. Kundi la pili halikulisoma tena, ila liliendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma tu, maswali yakakoma. La nne liliachana nalo kabisa, kama vile wengi wetu tunavyofanya: hili nalijua, twende lingine.

Mwisho wa zoezi makundi yote yalikuwa sawa, maneno yamekaa kichwani. Walipoulizwa watakumbuka mangapi baada ya wiki, makundi yote yalikadiria karibu nusu. Wiki ikapita, wakarudi. Kundi la kwanza na la pili, yaani yale yaliyoendelea kuulizwa, yalikumbuka takriban asilimia 80. La tatu lilipata asilimia 36 na la nne 33.

Hebu ziangalie namba hizo kwa utulivu. Kundi la tatu liliendelea kuyasoma maneno liliyokwisha kuyajua, mzunguko baada ya mzunguko, na faida ya jasho hilo lote dhidi ya wale walioachana nayo ni kama hakuna. Kundi la pili nalo liliacha kusoma kila lilichokijua, likabaki kuulizwa tu, na halikupoteza kitu. Aliyeulizwa ndiye aliyebaki na neno. Na linalonishangaza zaidi ni yale makadirio: hakuna aliyehisi tofauti. Mtu anayejisomea vibaya na mtu anayejisomea vizuri wote wanatoka kwenye kimbweta (meza ya nje ya kujisomea chuoni) wakiwa na imani ileile.

Imani hiyo inatokana na kuzoea. Ukiusoma ukurasa kwa mara ya tatu macho yanateleza, hakuna neno linalokukwaza, na akili inatafsiri mteremko huo kuwa ni kuelewa. Kumbe kilichokua ni utambuzi tu. Sura ya mtu uliyesoma naye sekondari unaitambua mara moja mkikutana Kariakoo. Jina lake ndilo linalogoma. Karatasi ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, haikuonyeshi sura, inakudai jina. Kila mara unapolazimika kulichimbua jambo kichwani bila kuchungulia, unaimarisha njia ya kulifikia, na hiyo njia ndiyo utakayoihitaji siku ile, mbele ya msimamizi, huku saa ikienda.

Mbona basi kukremu kunaonekana kufanya kazi? Kwa sababu kunafanya kazi, ila kwa saa chache. Roediger na Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006, safari hii kwa vifungu vya habari, kimoja kuhusu jua na kingine kuhusu fisi maji wa baharini. Kundi moja lilisoma kwa vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, halafu vipindi vitatu likaandika kila lilichokumbuka kwenye karatasi tupu. Baada ya dakika tano wasomaji waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wasomaji 40, waandishi 61. Wasomaji walikuwa wamekipitia kifungu zaidi ya mara kumi na nne kwa wastani, wenzao mara tatu na ushee. Kwa hiyo aliyekesha akatoka na A kwenye test ya asubuhi hakubahatisha. Tatizo ni kwamba UE inakuja wiki kadhaa baadaye na inauliza muhula mzima, na mwaka wa pili kuna kozi inayojengwa juu ya ile ya mwaka wa kwanza.

Ubunifu katika kujiandaa na mtihani, kwa maoni yangu, unaanzia hapo. Kalamu za rangi nne zinalipendezesha desa tu. Dunlosky na wenzake walipozipitia mbinu kumi za kujisomea mwaka 2013, kupigia mistari na kusoma tena viliangukia kundi la zenye manufaa madogo. Zilizopata daraja la juu zilikuwa mbili, kujipima na kutawanya muda wa kusoma. Mbinu yoyote inayokulazimisha kutoa kilichomo kichwani ni nzuri, hata kama inaonekana ya kitoto. Ile inayokuruhusu kukitazama tu ina mashaka, hata kama imepambwa.

Iliyo rahisi kuliko zote ni karatasi nyeupe. Chukua mzunguko wa Krebs, ule mlolongo wa mabadiliko ya kikemia ndani ya seli unaowatesa wanafunzi wa udaktari, famasia na biolojia. Funga kila kitu. Andika sitreti juu, chora mshale. Isositreti, sawa. Alfa-ketoglutareti, sawa. Halafu? Wengi hukwama hapo, wanarukia saksineti na kumsahau saksinili-CoA aliye katikati. Usifungue desa bado. Vumilia dakika mbili, jiulize kaboni dioksidi zinatokea wapi. Zinatoka mbili, moja kwenye hatua ya kuingia alfa-ketoglutareti na nyingine kwenye hatua ya kutoka. Kaboni sita, tano, nne. Hesabu hiyo inakurudisha kwenye hatua ile ya kutoka alfa-ketoglutareti, na hapo ndipo pengo lako lilipo. Ndipo ufungue, urekebishe kwa kalamu nyekundu, na kesho uchore tena kutoka mwanzo. Zile alama nyekundu ndizo ramani yako ya kusoma. Penye wino mweusi hupahitaji tena leo.

Sasa vimbweta. Diskasheni nyingi nilizoziona zina mtu mmoja anayesoma desa kwa sauti na watano wanaotikisa vichwa huku karanga zinazunguka. Wote wanaondoka wamefurahi. Aliyejifunza ni mmoja, tena kidogo, maana naye alikuwa anasoma. Geuzeni utaratibu: madaftari yafungwe, kila mtu aje na maswali mawili, na anayejibu asimame aeleze kana kwamba anamfundisha mtu wa kozi nyingine. Mwanafunzi wa sheria akiweza kumweleza mwenzake wa uhasibu tofauti ya dhamana na rehani mpaka akaelewa, amemaliza. Akianza kusema “ile kitu ile, unajua,” bado.

Waliopita madrasa wanaufahamu utaratibu huu. Mwanafunzi anaisoma sura kwa moyo, mwenzake au mwalimu ameushika msahafu anamfuatilia, na akikosea anasahihishwa papo hapo. Halafu kuna kurudia za nyuma, kidogo kidogo, siku baada ya siku, ili zisipotee. Kujipima, kusahihishwa, kutawanya: yote matatu yamo humo, na wala hakukuwa na haja ya jarida la Science.

Kundi la WhatsApp la darasa nalo linaweza kuacha kuwa ghala la PDF zisizofunguliwa. Kila asubuhi mmoja anatuma swali kwa ujumbe wa sauti, wengine wanajibu kwa sauti kabla ya saa sita mchana, bila kufungua kitu. Kujisikia unababaika kwa sauti yako mwenyewe ni dawa chungu. Na kama unatumia programu za akili mnemba, usiiombe ikufupishie desa; iombe ikuulize maswali kumi kutoka humo, uyajibu wewe, kisha majibu uyahakikishe kwenye kitabu, kwa sababu nayo hukosea kwa kujiamini sana.

Kadi za maswali ni za zamani lakini zina ujanja wake. Miaka ya 1970 mwandishi wa habari wa Kijerumani, Sebastian Leitner, alieneza utaratibu wa kuzipanga kwenye boksi lenye vyumba. Maboksi matatu ya viatu yanatosha. Kadi zote zinaanzia la kwanza, linalopitiwa kila siku. Ukiipata kadi inahamia la pili, la kila baada ya siku tatu, kisha la tatu, la kila wiki. Ukiikosa inarudi mwanzo hata kama ilikuwa imefika mbali. Karatasi ya manila iliyokatwa vipande inafanya kazi sawa na programu ya kulipia. Andika swali upande mmoja na jibu upande wa pili, na jibu liwe fupi. Kadi yenye aya nzima ni desa lililobadilishwa umbo.

Kwa masomo ya hesabu kuna jambo jingine. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi kanuni za ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja mpaka yakaisha ndipo likahamia jingine, kundi la pili likafanya yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi waliopanga walipata asilimia 89, waliochanganya 60. Wiki moja baadaye waliopanga walipata 20 na waliochanganya 63. Sababu inaeleweka ukitazama vitabu vyetu: chini ya mada ya kai-skweya, kipimo kimojawapo cha takwimu, maswali yote ni ya kai-skweya, kwa hiyo huulizwi kamwe ni kipimo gani kinafaa hapa. Kwenye mtihani swali linakuja bila kichwa cha mada, na kuchagua njia ni nusu ya kazi. Kata maswali ya mada zote, changanya, chomoa moja moja.

Kuchora na kuyapanga mambo kichwani kwenye njia uliyoizoea kuna nafasi yake pia, ila kwa orodha zaidi. Neva 12 za fuvu, yaani mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo, zinaweza kupangwa kwenye vituo 12 unavyovipita kutoka hosteli hadi ukumbi wa mihadhara: ya kunusa pale kwa muuza chipsi, ya kuona kwenye ubao wa matangazo, na kuendelea. Itakusaidia kuzitaja kwa mpangilio. Haitakusaidia kueleza mgonjwa anayeona vitu viwili viwili ameumia neva ipi, na maswali ya chuo yanapenda zaidi hilo la pili.

Pasti pepa nazo watu huziacha mpaka mwisho, kama za kujipima baada ya kumaliza kusoma. Jaribu kuanza nazo, kabla hujafungua mada. Utakosa mengi, na si hasara. Watafiti wameona kwamba kujaribu kujibu kabla ya kusoma, hata ukikosea, kunafanya jibu sahihi likae vizuri zaidi baadaye, mradi tu ulipate hilo sahihi. Ila usizikariri. Mhadhiri akibadilisha namba mbili na neno moja, aliyekariri majibu ya mwaka juzi anabaki anaitazama karatasi, na sapu, yaani mtihani wa marudio, huanzia hapo.

Limebaki suala la usiku wa kuamkia mtihani. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi wawili silabi kumi za kukariri, mara nyingine kabla ya kulala, mara nyingine mchana wakaendelea na shughuli zao. Zilipopita saa nane, walipokuwa wamelala walikumbuka zaidi ya nusu. Walipokuwa wamekaa macho walibaki na takriban moja katika kumi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba usingizini ubongo huendelea kuyapanga na kuyaimarisha yaliyoingia mchana. Kwa hiyo kama ni saa sita za usiku na paper ni saa tatu asubuhi, jiulize maswali matano ya mwisho, usahihishe, uzime taa.