Kadi ya grafiki ya mtumba: acheni kuuliza kama ilichimba sarafu

Mteja akija Mwembe Tayari, Mombasa, kutafuta kadi ya grafiki ya mtumba (kifaa kinachochora picha za kompyuta), swali ni lile lile: "Fundi, hii haikuchimba sarafu?" Yaani, haikutumika usiku na mchana kuzalisha sarafu za kidijitali? Nikisema sijui, anairudisha mezani na kwenda kununua takataka mpya kwa bei ile ile. Nimechoka kulisikia.

Kadi iliyochimba si maiti. Ethereum, moja ya sarafu hizo, iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, na kadi zilizokuwa kazini zikamwagika sokoni. Mchimbaji anayejua hesabu hupunguza umeme wa kadi, kwa sababu bili ndiyo inayomla faida, na joto lake hubaki pale pale usiku na mchana. Lehemu huumizwa zaidi na kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, jambo ambalo mcheza gemu hulifanya kila jioni. Kinachochakaa kwa mchimbaji ni feni, pesti na pedi za kupitisha joto, na vyote hubadilishwa. Tahadhari yangu ni hasa kwa RTX 3080 na 3090: memori zake za GDDR6X ziliweza kufika nyuzi 110 zikichimba.

Kwetu pwani adui ni chumvi. Kadi iliyokaa kando ya dirisha Nyali au Likoni, hata kama ilitazamiwa sinema tu, naiogopa kuliko iliyochimba kwenye ghala kavu bara. Washa tochi ya simu. Skrubu za bamba la nyuma zina kutu? Meno ya dhahabu yana madoa ya kijani? Chungulia katikati ya mapezi ya kipoza joto: ukiona unga mweupe kwenye aluminiamu, chumvi imeshaingia. Zungusha kila feni kwa kidole, usikilize kama inakwaruza. Kisha iwashwe hapo hapo, iendeshwe FurMark, programu ya kuibana kadi, nusu saa, mkitazama joto na kama skrini inatoa vidoti. Muuzaji akikataa, mwachie kadi yake.

Hilo ndilo swali la maana: ilikaa wapi, si ilifanya nini.

Wateja husema: "Mpya kwenye boksi haina wasiwasi." Boksi huchapishwa. Zipo kadi zinazouzwa kama GTX 1050 Ti mpya, kumbe ndani mna chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011, BIOS (programu ndogo ya ndani ya kadi) imechezewa ili Windows isome jina la uongo. Isome kwa GPU-Z, programu inayoonyesha chipu halisi, kabla hujatoa pesa. Kadi nyingi za aina hiyo huumbuliwa hapo.

Au: "GB nyingi za memori ndiyo nguvu." Hapana. GT 730 ya GB 4 haifui dafu mbele ya GTX 1650 ya GB 4. Na GT 1030 ziko mbili kwa jina moja: yenye memori ya GDDR5, na ile ya DDR4 iliyotoka 2018, ambayo ni goigoi.

Kadi mpya namshauri anayehariri video za harusi kwa malipo, ikiwa waranti imeandikwa kwenye risiti pamoja na namba ya kadi. Waranti ya mdomo si waranti.

Na wenye kompyuta za ofisi za Ex-UK (zilizotumika Uingereza), si kila kadi itaingia. Tundu la bodi hutoa wati 75 tu, kwa hiyo tafuta GTX 1650 isiyohitaji waya wa umeme. Kesi ikiwa nyembamba, njoo na vipimo vyake, maana hapo hukaa kadi ya kimo kifupi (low profile) peke yake.