Wazee wa Keya: yasemwayo na yaliyokuwa

Dhana: Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) waliotoka vitani Burma, katika Vita Vikuu vya Pili, walirudi na mapesa.

Ukweli: Kwa miezi michache walionekana hivyo. Walirudi na akiba ya mshahara na kiinua mgongo. Wakalipa mahari, wakanunua ng'ombe, mwingine akaezeka mabati. Kisha pesa zikakata. Kiinua mgongo chenyewe kilipimwa kwa rangi ya ngozi: nyaraka zilizoibuliwa na Al Jazeera mwaka 2019 zilionyesha kuwa askari mzungu wa jeshi hilohilo la makoloni alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika.

Ardhi nayo usiulize. Baada ya vita vya kwanza, mpango wa mwaka 1919 uliwagawia askari wazungu mashamba nchini Kenya, mengine yakiwa yamemegwa kutoka nchi ya Wanandi. Baada ya vita vya pili wazungu wakafunguliwa mpango mwingine. Mwenzao mweusi alirudi kwenye kishamba cha baba yake. Kama jeshini alikuwa dereva wa lori, ujuzi alikuwa nao, lori ndilo hakuwa nalo.

Dhana: Kila mzee wa Keya alipigana Burma.

Ukweli: Afrika Mashariki ilitoa zaidi ya watu 300,000, na wengi walikuwa madereva, wapishi, wauguzi, mafundi na wachimba barabara. Wapo pia waliojipachika. Idi Amin alijinadi kuwa mkongwe wa Burma, ilhali aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha.

Dhana: Ndio waliowasha Mau Mau, uasi dhidi ya ukoloni nchini Kenya.

Ukweli: Hapa majina mawili matatu yamefunika maelfu. Ni kweli Waruhiu Itote, kamanda wa Mau Mau aliyeitwa Jenerali China, alipigana Burma, na kiongozi mwenzake Bildad Kaggia alikuwa karani wa jeshi ng'ambo. Lakini mwanahistoria Timothy Parsons, aliyewachunguza askari hawa kwa kina, anaona kuwa wengi wao hawakuingia siasa zaidi ya majirani zao. Walitaka leseni ya duka, kazi yenye heshima, ada ya shule ya watoto. Wengine walibaki upande wa serikali, na tangu mwaka 1952 vikosi vya Keya ndivyo vilivyotumwa msituni kuwawinda wapiganaji.

Itote mwenyewe hakushuka melini akaenda moja kwa moja msituni. Kwanza alitafuta riziki kama watu wengine, akachochea moto wa garimoshi kwenye shirika la reli.