Ensefalaitisi ya kingamwili: ugonjwa wa kichwani, chanzo tumboni

Binti mzima wa afya, hajawahi kuugua akili, ghafla halali usiku, anawaogopa watu wa nyumbani kwao, anasikia sauti. Hapa Mombasa jibu la kwanza linajulikana: kapandisha. Ataitwa wa kumsomea, atanyweshwa kombe, na jirani atasema ni malaria iliyompanda kichwani. Sina ugomvi na kisomo. Lakini upo ugonjwa wa ubongo unaoanza vivyo hivyo, na chanzo chake huenda kiko kwenye ovari, yaani mfuko wa mayai ya uzazi.

Ensefalaitisi ya kingamwili ni ubongo kuvimba kwa kushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Aina inayojulikana zaidi ni ya vipokezi vya NMDA, milango ya seli za ubongo ya kupokea ujumbe, ambayo kingamwili zake (protini ambazo kinga hutengeneza kushambulia) zilielezwa mwaka 2007 na Josep Dalmau na wenzake. Wagonjwa wao wa mwanzo walikuwa wanawake, wengi wakiwa na teratoma ya ovari. Teratoma ni uvimbe wa ajabu: ukipasuliwa hukutwa nywele, mafuta, hata meno, na mara nyingi tishu za neva. Kisa kinaanzia hapo. Kinga inaziona tishu za neva mahali pasipo pake, inatengeneza kingamwili za kuzipiga, na kingamwili hizo zikifika ubongoni zinakuta vipokezi vilevile. Zikivishika, seli inavivuta ndani na mawasiliano yanavurugika. Seli zenyewe kwa kawaida hazifi, ndiyo maana wengi hupona.

Baada ya siku au wiki chache huja degedege, maneno yanapotea, midomo na ulimi vinachezacheza, mtu anatafuna na kinywani hamna kitu. Presha na mapigo ya moyo huyumba. Wengine hushindwa kupumua. Aliyefika hapo asiachwe wodi ya akili peke yake.

Picha ya ubongo ya MRI inaweza kutoka safi kabisa. Kipimo chenyewe ni kutafuta kingamwili, hasa kwenye maji ya uti wa mgongo. Najua sindano hiyo inavyoogopwa, eti inapoozesha, lakini huchomwa chini ya pale inapoishia ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo. Kisha unatafutwa uvimbe, kwa altrasaundi au MRI ya nyonga.

Si kila mgonjwa ana uvimbe. Katika utafiti wa wagonjwa 577 uliotoka 2013, waliokuwa nao ni asilimia 38, karibu wote wanawake. Wengine huanza baada ya virusi vya herpes kushambulia ubongo. Zipo pia aina nyingine za ugonjwa huu, zenye kingamwili ziitwazo Hu, zinazoandamana na saratani ya mapafu, na za Ma2, za uvimbe wa korodani kwa vijana; hizo ni ngumu zaidi kutibu.

Tiba ni kuutoa uvimbe kama upo, steroidi za kutuliza kinga, imunoglobulini (kingamwili zilizotolewa kwa watu wengine) au kubadilisha plazma, yaani maji ya damu yaliyobeba kingamwili, na visipotosha, rituximab, dawa ya kupunguza seli za kinga zinazohusika na kutengeneza kingamwili. Katika utafiti huohuo, wagonjwa 8 kati ya 10 walikuwa na hali nzuri ndani ya miezi 24. Kumbukumbu huchelewa kurudi.

Mkimpeleka hospitali, mwambieni daktari dalili ipi ilitangulia na lini. Na ile midomo inayocheza, irekodini kwa simu.