Usiingie chini ya zege ulilolichimbua

Ninasimamia uchimbaji wa mitaro ya maji na misingi hapa Kigoma, na jambo ninalogombana nalo kila tunapopita kwenye majengo ya zamani ni kuchimbua udongo chini ya zege ili lidondoke lenyewe.

Naelewa linakotoka. Nyundo inachosha, siku ni fupi. Kibarua anaambiwa atoe udongo wa chini, sakafu ikikosa pa kukalia itakatika. Kukatika itakatika, ila saa yake haijulikani. Kipande cha mita mbili kwa mita moja na nusu, unene sentimita 15, kinazidi tani moja. Na kama hakina nondo hakipindi kwanza ili mtu akimbie. Kinavunjika papo hapo. Vunja kutoka juu, vipande vidogo vidogo, kifusi kiondolewe, ndipo mtu ashuke.

Udongo nao ni mzito kuliko watu wanavyodhani: mita moja ya ujazo hufika tani moja na nusu, pengine zaidi. Aliyefukiwa hadi kifuani, kila akitoa pumzi udongo unajaza nafasi iliyobaki, na kifua hakitanuki tena. Anaweza kufa kichwa kikiwa nje. Kwa hiyo mtaro ukizidi mita moja na nusu, haingii mtu kabla kuta hazijalazwa mteremko au kukingwa kwa mbao na mirunda iliyokazwa. Wenye kazi hulalamikia gharama ya mbao, lakini mbao hizohizo huhamishwa mbele kadiri mtaro unavyofukiwa. Udongo uliotolewa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na ngazi iwe karibu.

Mchanga wa kando ya ziwa huporomoka ukiuona, basi watu huuogopa. Mimi huogopa zaidi udongo mgumu wa mlimani, kwa kuwa husimama wima kama ukuta hadi mvua iingie. Msimu wa mvua nakagua asubuhi na tena kila inaponyesha. Nikiona ufa sambamba na ukingo, wote watoke.

Ukuta wa mtaro ukimfukia mtu, wenzake huruka kumwokoa, nao hufunikwa na sehemu iliyobaki. Zimeni mashine, pigieni Zimamoto 114, kingeni kuta kwanza. Kisha chimbeni kwa mikono, mkianzia usoni, halafu kifuani.